Nyota mtoto hudumu pale anaporuhusiwa kuondoka

Usiku wa Machi 2, 2025, katika ukumbi wa Dolby mjini Los Angeles, Marekani, mwanamume mwenye umri wa miaka 42 alipanda jukwaani kupokea Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kiume. Kieran Culkin alipewa tuzo hiyo kwa filamu ya A Real Pain, na badala ya kutoa hotuba nzito alitumia sehemu ya muda wake kumkumbusha mkewe ahadi ya kumzalia mtoto wa nne iwapo angeshinda Oscar. Ukumbi uliangua kicheko.

Waliokuwa wakitazama kwa makini walikumbuka jambo jingine. Mwaka 1990 mtu huyo huyo, akiwa mtoto wa miaka saba, alionekana kwa dakika chache katika filamu ya Home Alone. Alikuwa yule binamu mdogo mwenye miwani ambaye hakuna aliyetaka kulala naye kitanda kimoja. Nyota wa filamu hiyo hakuwa yeye. Alikuwa kaka yake, Macaulay.

Home Alone iliingiza zaidi ya dola milioni 470 za Marekani duniani kote, na kwa miaka minne hivi hapakuwa na mtoto aliyejulikana kuliko Macaulay Culkin. Kisha akaacha. Filamu yake kubwa ya mwisho ya utotoni, Richie Rich, ilitoka mwaka 1994, naye akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka uliofuata wazazi wake walitengana na kuanza kugombania malezi ya watoto mahakamani, huku nyuma ya mgogoro huo kukiwa na swali la nani atashika mamilioni ya mtoto. Baba yao, Kit Culkin, ndiye aliyekuwa meneja. Macaulay mwenyewe ameeleza baadaye kwamba alichukua hatua za kisheria ili majina ya wazazi wake yaondolewe katika amana ya fedha zake.

Watoto wawili wa nyumba moja, baba mmoja, na filamu moja. Mmoja aliibeba filamu hiyo mabegani, mwingine alipita tu ndani yake. Yule aliyepita ndiye aliyekuja kudumu: alisifiwa kwa Igby Goes Down mwaka 2002, akakaa kimya kwa muda mrefu bila mtu kumuuliza amepotelea wapi, kisha akarejea na tamthilia ya Succession iliyoonyeshwa kati ya 2018 na 2023. Hakuna aliyekuwa akimsubiri mlangoni kila asubuhi na hesabu ya fedha mkononi. Alikuwa na nafasi ya kukua.

Kisa hiki kinalirudisha mezani swali ambalo magazeti ya burudani hulijibu kwa urahisi mno. Kwa miaka mingi waandishi wamezungumzia kile wanachokiita laana ya nyota watoto, na ushahidi wao haukosekani. Judy Garland, aliyecheza The Wizard of Oz akiwa kijana mwaka 1939, alifariki dunia mwaka 1969 akiwa na miaka 47 baada ya maisha ya kutegemea vidonge alivyoanza kuvitumia tangu enzi za studio. Wapo wengine wengi, na kila mmoja ana picha mbili zinazowekwa ubavuni kwa ubavu, ya utotoni akicheka na ya ukubwani akitoka kituo cha polisi.

Lakini orodha ya upande wa pili nayo si fupi. Elizabeth Taylor alijulikana kwa National Velvet mwaka 1944 akiwa mtoto, na baadaye akatwaa Oscar mbili akiwa mtu mzima. Christian Bale alikuwa na miaka 13 ilipotoka Empire of the Sun mwaka 1987. Natalie Portman alicheza Léon mwaka 1994 akiwa bado mwanafunzi, akasoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akapata Oscar kwa Black Swan. Leonardo DiCaprio alipitia tamthilia za televisheni akiwa kijana na kusubiri hadi mwaka 2016 kupewa tuzo hiyo. Kenan Thompson, aliyeanza katika kipindi cha vichekesho cha watoto mwaka 1994, aliingia Saturday Night Live mwaka 2003 na kuweka rekodi ya kukaa muda mrefu kuliko mwigizaji yeyote wa kipindi hicho. Laana isiyowagusa wote hawa si laana. Ni jambo lenye sababu zinazoweza kuchunguzwa.

Sababu ya kwanza imo katika kazi yenyewe. Kijana anayejifunza useremala huongezeka thamani kila mwaka unapopita, kwa kuwa mkono wake unazidi kukomaa. Mtoto mwigizaji hupungukiwa thamani kwa kadiri anavyoijua kazi. Kinachonunuliwa kwake ni udogo wa umbo, sauti ambayo haijavunjika na pengo la meno ya mbele, na vyote hivyo huisha bila kuomba ruhusa ya mtayarishaji. Ndiyo maana studio zimekuwa na tabia ya kushindana na kalenda. Shirley Temple, aliyezaliwa Aprili 1928, alipunguziwa umri kwa mwaka mmoja ili aonekane wa ajabu zaidi, na yeye mwenyewe hakujua. Aligundua siku aliyoadhimisha kile alichoamini kuwa ni miaka 12. Ilikuwa ni 13.

Temple ni mfano unaostahili kutazamwa kwa utulivu. Kati ya 1935 na 1938 aliongoza kwa kuvuta watazamaji katika kumbi za sinema za Marekani, akiwashinda watu wazima wote, na mwaka 1935 alipewa Oscar ndogo ya watoto. Alipoandika kumbukumbu zake mwaka 1988 alieleza kwamba kati ya takriban dola milioni 3.2 alizochuma, alikuta dola 44,000 tu katika amana yake. Baba yake alikuwa mtu wa benki. Hata hivyo Temple hakutumia maisha yake yote kuidai kamera irudi. Mwaka 1950, akiwa na miaka 22, aliachana na filamu, akaolewa, akalea watoto, kisha akaingia katika shughuli za umma: mjumbe wa Marekani katika Umoja wa Mataifa mwaka 1969, balozi nchini Ghana kuanzia 1974 hadi 1976, na balozi nchini Czechoslovakia kuanzia 1989 hadi 1992, wakati utawala wa kikomunisti ukiporomoka mbele ya macho yake. Wapo watakaosema kwamba huyo hakudumu katika uigizaji. Ni kweli. Lakini alipata kitu ambacho wengi hawakupewa, nacho ni uwezo wa kuondoka akiwa mzima.

Aliyekosa uwezo huo mapema kabisa ni Jackie Coogan. Mwaka 1921 alisimama pamoja na Charlie Chaplin katika The Kid, na katika miaka iliyofuata alichuma fedha zinazokadiriwa kuwa kati ya dola milioni tatu na nne, kiasi kisichofikirika wakati huo. Baba yake alifariki katika ajali ya gari mwaka 1935, miezi michache kabla ya kijana huyo kutimiza miaka 21. Alipodai fedha zake alielezwa kwamba hazipo kwa ajili yake. Mama yake na baba wa kambo walizitumia, na walisimama juu ya hoja ambayo kwa sheria ya California ya siku hizo ilikuwa na nguvu: mapato ya mtoto ni mali ya mzazi. Coogan alifungua kesi mwaka 1938, na mwishowe aliambulia takriban dola 126,000.

Aibu hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1939 inayojulikana kwa jina lake. Sheria hiyo iliipa mahakama mamlaka ya kuamuru sehemu ya mapato ya mtoto iwekwe akiba. Ilikuwa na tundu kubwa, kwani iligusa mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa tu, na mikataba mingi haikupelekwa. Tundu hilo liliachwa wazi kwa miaka 60. Ni kuanzia Januari 1, 2000 ndipo California ilipotamka kwamba mapato ya mtoto ni mali yake mwenyewe, na kwamba asilimia 15 ya malipo ghafi lazima iingizwe katika akaunti ya amana isiyoguswa hadi afikie utu uzima. Coogan hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1984, na kizazi cha televisheni kilimkumbuka zaidi kama Uncle Fester, mjomba mwenye kipara katika The Addams Family.

Kati ya tarehe hizo mbili walipita watoto wengi. Gary Coleman, kijana mweusi mwenye maradhi ya figo yaliyodumaza kimo chake, aliibeba tamthilia ya Diff'rent Strokes kuanzia 1978 hadi 1986. Mwaka 1989 aliwashitaki wazazi wake na aliyekuwa mshauri wake wa fedha, na mwaka 1993 mahakama ikaamua alipwe dola milioni 1.28. Mwaka 1999 aliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Aliwahi kufanya kazi ya ulinzi, akivaa sare mbele ya watu waliomfahamu kwa sura na waliotaka atamke kile kibwagizo chake cha zamani. Alifariki Mei 2010 akiwa na miaka 42.

Na isidhaniwe kwamba kudumu kazini peke yake ni kinga. Mickey Rooney alianza jukwaani akiwa mtoto mchanga na kuendelea kuigiza kwa karibu miaka 90, rekodi ambayo pengine haitavunjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndiye aliyekuwa kinara wa mauzo nchini Marekani. Machi 2011, akiwa na miaka 90, alikaa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani inayoshughulikia wazee, akaeleza jinsi alivyonyang'anywa usimamizi wa fedha na maisha yake na mtu wa familia yake. Alipofariki mwaka 2014 mali iliyobaki ilikuwa dola 18,000. Mtu aliyezoezwa tangu utotoni kwamba kazi yake ni kucheza na kazi ya wengine ni kuhesabu, alibaki hivyo hadi uzeeni.

Hapa ndipo mfano wa Ron Howard unapokuwa na uzito wa pekee. Mwaka 1960, akiwa na miaka sita, alianza kuonekana kama Opie, mtoto wa mkuu wa polisi katika The Andy Griffith Show, na akakaa humo miaka minane. Baba yake, Rance, alikuwa mwigizaji wa nafasi ndogondogo ambaye hakuwahi kuwa nyota. Ingekuwa rahisi kwake kuacha kazi, kujiita meneja na kuishi kwa jasho la mwanawe. Hakufanya hivyo. Katika kitabu cha kumbukumbu The Boys, ambacho Ron na mdogo wake Clint walikitoa mwaka 2021, wanaeleza jinsi wazazi wao walivyochukua sehemu ndogo tu kwa kazi ya usimamizi, wakaweka kilichobaki kwa jina la watoto, na kuendelea kuishi kwa kipato chao wenyewe katika nyumba ya kawaida.

Jambo hilo linaonekana la kihasibu tu, lakini athari zake ni za kina. Familia isiyokula kwa mshahara wa mtoto haiogopi siku mtoto atakaposema amechoka. Rance aliweza kukaa pembeni mwa kamera kama baba, akimfundisha mwanawe maana ya kila mstari, kwa sababu kodi ya nyumba haikutegemea mstari huo. Howard alisoma katika shule za umma pamoja na watoto waliomdhihaki kwa jina la Opie, akarejea katika televisheni na Happy Days mwaka 1974, na alipofikisha miaka ya ishirini na ushee alikuwa tayari anajua anachokitaka: kukaa nyuma ya kamera. Alikubaliana na mtayarishaji Roger Corman acheze katika Eat My Dust! ya mwaka 1976, ili naye apewe filamu ya kuongoza. Grand Theft Auto ilitoka mwaka 1977. Robo karne baadaye, mwaka 2002, alipokea Oscar ya mwongozaji bora kwa A Beautiful Mind.

Ajabu ni kwamba Howard huyo huyo, mwenye kumbukumbu njema kuliko karibu wote wa kundi lake, hakuwaruhusu watoto wake kuigiza kibiashara wakiwa wadogo. Binti yake, Bryce Dallas Howard, aliingia katika kazi hiyo akiwa mtu mzima. Ushuhuda huo una uzito kuliko hotuba nyingi.

Jodie Foster alipita njia ngumu zaidi. Mama yake alilea watoto wanne peke yake, na binti huyo mdogo alikuwa tegemeo la kaya tangu alipoanza kuonekana katika matangazo ya biashara akiwa na miaka mitatu. Kwa kipimo cha familia ya Howard, huo ni mwanzo mbaya. Alipochaguliwa kucheza msichana kahaba katika Taxi Driver akiwa na miaka 12, mamlaka za California zilitaka kwanza apimwe na mtaalamu wa saikolojia, na katika baadhi ya mandhari dada yake mkubwa ndiye aliyesimama badala yake. Filamu ilipotoka mwaka 1976 ilimpatia uteuzi wa Oscar.

Lakini mama huyo alifanya jambo moja ambalo watu wa Hollywood hawakulizoea. Alimpeleka binti yake katika shule ya Kifaransa mjini Los Angeles, na mwaka 1980, wakati ambapo milango yote ya studio ilikuwa wazi, Foster aliondoka kwenda kusoma fasihi katika Chuo Kikuu cha Yale. Huko nako umaarufu ulimfuata. Machi 30, 1981, John Hinckley alimpiga risasi Rais Ronald Reagan jijini Washington akidai kufanya hivyo ili kumvutia msichana huyo ambaye hakuwa na uhusiano wowote naye. Ni watu wachache ambao wangelaumiwa kama wangeikimbia kazi hiyo moja kwa moja baada ya tukio la namna hiyo. Foster alimaliza masomo mwaka 1985, na filamu alizocheza baadaye zilimpatia Oscar mbili, kwa The Accused na The Silence of the Lambs. Filamu ya kwanza aliyoiongoza, Little Man Tate ya mwaka 1991, inahusu mtoto mwenye kipaji kisicho cha kawaida na watu wazima wawili wanaovutana juu yake. Mwaka 2024, akiwa na miaka 61, alipata tuzo ya Emmy kwa True Detective.

Mtu anaweza kudai kwamba chuo ni jambo la wenye nacho. Si lazima kiwe chuo. Kwa Daniel Radcliffe ilikuwa ni jukwaa la maonyesho. Aliingia katika filamu za Harry Potter akiwa na miaka 11, na mwaka 2007, filamu zikiwa bado zinaendelea, alikwenda kucheza Equus katika ukumbi mmoja jijini London, mchezo mzito wenye sehemu za utupu, ambao uliwashitua wazazi wa mashabiki wake. Baadaye amezungumza waziwazi juu ya ulevi wake wa miaka ile na jinsi alivyouacha. Juni 2024 alipata tuzo ya Tony kwa mchezo wa muziki, Merrily We Roll Along. Hakuna aliyemwita mchawi mdogo usiku huo.

Suala hili haliwezi kuachwa kama historia ya burudani. Mei 2025 kampuni ya HBO ilitangaza majina ya watoto watatu watakaocheza upya hadithi ya Harry Potter katika tamthilia ya televisheni, waliochujwa kutoka kundi la zaidi ya watoto 30,000. Mradi huo umepangwa kuendelea kwa takriban muongo mmoja. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeingia akiwa katika shule ya msingi atatoka akiwa mtu mzima, na katika muda wote huo sura yake itakuwa ni rasilimali ya kampuni kubwa. Watatu hao wana bahati kwamba waliowatangulia wako hai, wana akili timamu, na wanapatikana kwa simu.

Walio nje ya studio ndio wenye hali tete zaidi. Sheria za California zinajua kumhesabia saa mtoto wa filamu: wa kati ya miaka sita na tisa hawezi kukaa kazini zaidi ya saa nane kwa siku, na kati ya hizo saa za kuigiza ni nne, za masomo tatu, na moja ya kupumzika, akiwa na mwalimu aliyelipwa na mtayarishaji. Mtoto anayepigwa picha na mama yake jikoni kwa ajili ya intaneti hakuwa na lolote kati ya hayo. Jimbo la Illinois lilikuwa la kwanza kuliona pengo hilo, na sheria yake ya kuwatengea watoto hao sehemu ya mapato ilianza kutumika Julai 2024. California ilifuata Septemba mwaka huo huo kwa kuiongeza sheria ya Coogan iwaguse na watoto wa mitandao. Ilichukua zaidi ya miaka 80 kutoka kwa Coogan kufika jikoni.

Nje ya Marekani, mwongozaji mzaliwa wa India, Mira Nair, alikutana na tatizo hili mapema. Katika Salaam Bombay! ya mwaka 1988 aliwatumia watoto wa mitaani wenyewe. Filamu ilifika hadi Oscar, na kutokana nayo kukaanzishwa shirika la Salaam Baalak la kuwahudumia watoto wa aina hiyo. Pamoja na hayo, kijana aliyeibeba filamu, Shafiq Syed, aliyepewa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora mtoto, baadaye alijipatia riziki kwa kuendesha bajaji mjini Bengaluru. Nair ndiye huyo huyo aliyeanzisha kituo cha mafunzo ya filamu cha Maisha jijini Kampala mwaka 2004, na aliyeongoza Queen of Katwe ya mwaka 2016 akitumia watoto wa Uganda. Kituo kama hicho kina maana kubwa, kwani mtoto aliyeonwa na kamera mara moja anahitaji mahali pa kujifunza ufundi kabla sura yake haijabadilika.

Afrika Mashariki haina uhaba wa sura hizo. Nchini Kenya, kipindi cha Machachari cha Citizen TV kilikuza watoto mbele ya macho ya taifa zima katika miaka ya 2010. Nchini Tanzania, Steven Kanumba aliwapa watoto nafasi kubwa katika filamu zake, ikiwamo Uncle JJ, na alipofariki Aprili 2012 watoto hao walimpoteza mwongozaji na mlezi wa kisanii kwa wakati mmoja.

Jina linalotajwa zaidi, hata hivyo, ni la Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, aliyezaliwa mwaka 1995 na kuanza kuonekana akiwa mtoto mdogo katika michezo ya kundi la Kaole. Maisha yake ya ujana yalifunikwa na kesi ya kifo cha Kanumba. Novemba 2017 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka miwili, na Mei 2018 alitoka kumalizia adhabu hiyo kwa kuitumikia jamii. Haitakuwa haki kuifunga kesi hiyo na utoto wake wa uigizaji, kama wengi walivyofanya mitaani. Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba katikati ya miaka hiyo alitoa Foolish Age mwaka 2013, na Mapenzi ya Mungu, iliyotwaa tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki mjini Lagos mwaka 2016. Ni mmoja wa wachache nchini waliovuka kutoka uigizaji wa utotoni hadi utayarishaji wa filamu zao wenyewe, na alivuka bila daraja.

Daraja hilo lingejengwa kwa kitu gani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, inataka kazi iwe nyepesi isiyodhuru afya wala masomo, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979 na Tanzania mwaka 1998, unaruhusu watoto walio chini ya umri huo kushiriki katika sanaa kwa kibali cha mtu mmoja mmoja, kibali kinachotaja saa na masharti. Misingi ipo. Kisichopatikana katika sheria ya 2009 ni kile walichokuja kukijua California baada ya maumivu ya miaka 60, yaani sehemu maalumu ya malipo inayofungiwa kwa jina la mtoto.

Katika soko ambalo kwa miaka mingi filamu iliuzwa kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na ujira wa mtoto mara nyingi ukapitia mkononi mwa mzazi au kiongozi wa kundi, asilimia 15 inaweza kuonekana ni fedha ya nauli tu. Lakini filamu haipigwi picha bila kibali cha Bodi ya Filamu, na fomu ya kibali ni karatasi ambayo tayari inajazwa. Mistari mitatu inatosha kuongezwa: mtoto huyu anasoma shule gani, ataondoka eneo la kazi saa ngapi, na fedha zake zinaingia akaunti ya nani.